Barua ya wazi kwa waganga wakuu wa Nyanda za Juu Kusini: mgonjwa wa pombe mnamuuliza, anayemuuguza je?

Kwenu Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, kwenu waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa, za wilaya na za misheni, na nyie wa halmashauri mnaotoa leseni za vileo.

Salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni mama lishe, nauza chakula nje ya geti la hospitali moja kubwa ya huku kwetu. Jina la hospitali silitaji kwa sababu ninachokiandika hakiko hapo peke yake, nimeenda kuuguza na sehemu nyingine nikakuta ni vilevile. Wateja wangu wengi ni watu waliokuja kuuguza. Asubuhi wananunua uji wa mgonjwa, mchana wali, jioni ugali na mboga laini, na mtu ukimpakulia chakula kila siku utamjua tu, utajua mgonjwa wake yuko wadi gani, anaumwa nini, amebakiza hela ngapi, na utajua pia akitoka hapo anaelekea wapi.

Ombi langu naliweka hapahapa juu ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo. Mgonjwa akilazwa kwa sababu ya pombe, ndugu zake wanaokuja kumuona na wao waulizwe kuhusu pombe. Waulizwe pembeni, kwa heshima, na mtu aliyefundishwa, alafu wanaohitaji kusaidiwa wasaidiwe. Ni hilo tu, yote yanayofuata ni sababu zake.

Niwaeleze ninachokiona. Analetwa mwanaume tumbo limejaa maji, macho ya njano, miguu imevimba, dokta anasema ini. Au analetwa kijana wa bodaboda kapasuka kichwa, alikuwa anatoka kilabuni. Nyuma yao wanakuja ndugu, kaka wawili, shemeji, mke, baba mdogo, wengine wametoka Makete au Ileje au kule ndani Kilolo, wameuza debe la mahindi kupata nauli. Muda wa kuona wagonjwa mchana unakuwa mfupi, wakishatoka wadini mpaka jioni hawana pa kukaa wala cha kufanya, jua kali au mvua au lile baridi letu la mwezi wa sita na wa saba, basi wanavuka barabara. Wanasema wanaenda kupunguza mawazo, wengine wanasema wanaenda kupasha mwili joto (na hili la joto naomba manesi walisemee, pombe inafungua mishipa ya ngozi ndo maana unajisikia moto, kumbe joto la ndani linatoka, mtu analala nje ya geti usiku akidhani amejikinga). Jioni wanarudi wananuka, mlinzi anawazuia getini, wanagombana, wanafukuzwa. Kila siku. Hapo getini ndipo hospitali ilipokutana na mtu mwenye shida ileile inayotibiwa ndani, uso kwa uso, na kitu pekee ilichomwambia ni toka.

Kuna familia moja sitaisahau. Kaka mkubwa alilazwa, mdogo wake ndo alikuwa anamuuguza, kijana mpole sana, kila asubuhi yuko kwenye benchi langu anasubiri uji upoe kidogo ili asimuunguze kaka yake. Anashika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu mkono mmoja ulikuwa unatetemeka. Kila aliyekaa pale alikiona kikombe. Madokta walipita wadini kila siku wakamkuta pembeni ya kitanda, manesi walimtuma dawa, maabara walimjua kwa jina, hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu yeye kwa sababu hakuwa na kadi, hakuwa mgonjwa wa mtu. Kaka alifariki wakasafirisha. Haikuchukua muda mrefu yule mdogo akaletwa yeye, tumbo lilelile, wadi ileile, na anayemnunulia uji sasa ni mke wake. Sisemi angeulizwa angepona, mimi sio daktari. Nasema alikuwepo, ndani ya hospitali, wiki kwa wiki, akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Sasa mbona kwenye TB mnajua? Mtu mmoja akikutwa na kifua kikuu hamuishii kwake. Mnamuuliza anaishi na nani, mnaita nyumba nzima ichunguzwe, watoto chini ya miaka 5 wanaanzishiwa dawa za kinga hata kama hawajakohoa. Mjamzito akienda kliniki anaambiwa aje na mwenza wake wapimwe wote. Na kwenye virusi vya ukimwi mikoa yetu mnaijua ilipo, utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 kwa watu wazima ulikuta Njombe 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, yaani mitatu ya juu nchi nzima ni sisi, na nyie kwa kazi kubwa mliyofanya mkaelewa kwamba humtibu mtu mmoja ukamrudisha mulemule ndani bila kujua waliobaki wana hali gani. Pombe nayo inaishi nyumbani. Ulanzi, pombe ya mianzi, unakingwa shambani kwa familia, komoni, pombe ya nafaka, inapikwa uani, sufuria moja, kopo moja linazunguka. Lakini hospitalini mnaichukulia kama tabia ya mtu mmoja aliyelala kitandani, mnamwambia acha, anapata ruhusa, anarudi kwenye ua uleule, na wa kumkumbusha asinywe ni haohao anaokunywa nao.

Kijana wangu anasomea uganga wa hospitali, nilimuomba anitafutie kama kuna watu walishachunguza haya mambo ya ndugu, akanisomea. Mwaka 1973 huko Denmark mtafiti anaitwa Donald Goodwin na wenzake walifuatilia wanaume waliozaliwa na mzazi mwenye ulevi lakini wakalelewa na watu wengine tangu wadogo, wakakuta wamepata ulevi karibu mara nne ya wenzao walioasiliwa ambao wazazi wao hawakuwa na shida hiyo. Kwa hiyo kipo kinachokuja na damu. Alafu kipo kinachokuja na kukaa pamoja, kuna mji Marekani unaitwa Framingham ambao watu wake wanafuatiliwa afya zao tangu 1948, mwaka 2010 wakachapisha kwamba mtu ambaye ndugu au rafiki wa karibu anakunywa sana, uwezekano wa yeye naye kunywa sana unapanda kwa 50%. Na cha tatu hakihitaji kwenda Ulaya, kuuguza kunachosha. Umelala kwenye simenti, umekopa, shamba limebaki na magugu, mgonjwa mwenyewe anakutukana kwa sababu kichwa hakijakaa sawa, na kijijini wanasema ndugu yenu kajitakia. Mtu wa hivyo akiwa tayari anakunywa ataongeza. Damu, ukaribu na mawazo, vyote vitatu vimekaa kwenye benchi moja nje ya wadi, sasa kuna sehemu gani nyingine mtawapata watu wenye uhitaji kama hao wakiwa wamekusanyika bila hata kuwatangazia?

Kuuliza kwenyewe sio kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani lina dodoso linaitwa AUDIT, lilitoka mara ya kwanza 1989, maswali 10, kila moja lina pointi 0 mpaka 4, jumla 40. Ukifika 8 unywaji wako umeshaingia kwenye hatari hata kama bado unaamka unaenda shamba, unalipa ada, na hakuna anayekuita mlevi. Na hao ndo ninaowaombea zaidi. Wengi wa wateja wangu sio walevi wa kuanguka mtaroni, ni watu wa katikati, na mtu wa katikati ndiye anayesaidika kwa maneno. Wataalamu wenyewe wanasema mazungumzo mafupi ya dakika 5 mpaka 15, ya kumuonyesha mtu alipo na kumuuliza yeye mwenyewe anataka kufanya nini, yanawapunguzia watu kiasi wanachokunywa. Aliyezama kabisa anahitaji makubwa kuliko hayo. Kama 10 ni mengi kwa foleni zenu, maswali 3 ya mwanzo peke yake yanatumika kama kifupi chake.

Mle ndani kuna swali la sita, linauliza ni mara ngapi umehitaji kunywa asubuhi ili uweze kuanza siku baada ya kunywa sana jana yake. Yaani kuzimua. Kila mtu huku anajua kuzimua, hatuoni kama ni dalili ya kitu, tunaona ni dawa, hata mgonjwa wadini kuna ndugu anawaza amzimue.

Na kuna swali la kumi ambalo lilinikalisha chini. Linauliza, kuna ndugu, rafiki, daktari au mhudumu wa afya aliyewahi kuwa na wasiwasi na unywaji wako au kukushauri upunguze? Naombeni mlitazame hilo swali kwa nyumba zetu. Ndugu amewekwa pale kama mtu wa kushtuka. Sasa kwenye nyumba ambayo baba anakunywa, kaka anakunywa, shemeji anakunywa, atashtuka nani? Mtu anajibu hapana, hakuna aliyewahi kuniambia, na ni kweli kabisa, hajadanganya, anapata sifuri pale ambapo hali ndo mbaya zaidi. Ndo maana kumuuliza mgonjwa peke yake hakutoshi hata kwa faida ya huyo mgonjwa mwenyewe. Mkitaka ndugu awe jicho lenu huko kijijini lazima mjue hilo jicho lenyewe linaona au halioni.

Nikija kwenye vipimo, hapa naomba mtusikilize sisi tunaokaa na hawa watu. Hilo dodoso linahesabu kinywaji kimoja kuwa ni gramu 10 za pombe. Chupa ya bia ya ml 500 yenye 5% ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa moja ni vinywaji viwili, hapo sawa, lebo ipo inasomeka. Lakini komoni ina lebo gani? Kimpumu kinanyonywa kwa mirija, watu wamezunguka kopo moja, maji ya moto yanaongezwa, ukimuuliza mtu umekunywa kiasi gani anakwambia tulikuwa watano. Ulanzi ndo kabisa, msimu wa mvua mwanzi unakatwa ncha unadondosha, asubuhi ni mtamu hata watoto wanapewa, jioni umeshachachuka wenyewe, wa kesho yake ni mwingine kabisa, na vyote vinaitwa jina moja na bei inakaribiana. Ukienda na swali la glasi ngapi kwa siku utapata majibu ya uongo bila mtu kukusudia kudanganya. Mnacho chuo cha afya cha Mbeya, mnayo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapahapa Mbeya wanaopima mambo magumu kuliko haya, wakapime lita ya ulanzi wa asubuhi na wa jioni, wapime kopo la komoni, wawape manesi karatasi moja yenye picha za vyombo vyetu, kopo, kata, kibuyu, dumu la lita tano, ndoo ndogo. Msimu nao waulize, maana mtu wa Mufindi au Kilolo ukimuuliza mwezi wa tisa unakunywaje atakupa picha nyingine na ukimuuliza mwezi wa pili nyingine.

Kuna la hatari ambalo ndugu hawaambiwi na linaua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akilazwa, pombe imekatika ghafla. Yakipita masaa 6 mpaka 24 tangu anywe mara ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, moyo unakimbia, hatulii. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Siku ya pili ya tatu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, anaita watu waliokufa, anang'oa dripu. Sisi huku tukiona hivyo tunasema kachezewa, na wengine wanamtoa wodini wanampeleka kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi akiwa kwenye siku mbaya kuliko zote. Wengine, na hili wananiambia wenyewe, wanaingiza pombe kwenye chupa ya soda ili atulie, wanamuonea huruma. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana na una dawa, anapewa diazepam kwa utaratibu wa daktari na vitamini B1. Nesi akikaa na ndugu siku ya kwanza akawaambia mtaona hivi na hivi, msiogope, tuiteni, nusu ya hizo fujo zinaisha. Na hapohapo anayeelezwa anaweza kujitambua, kwa sababu kutetemeka asubuhi anakujua. Ndiyo maana nasisitiza anayeuliza awe amefundishwa, ndugu anayekunywa sana kila siku ukimtisha akaenda nyumbani akaacha kwa siku moja, naye anaweza kupata hiyo degedege akiwa kilomita nyingi kutoka zahanati. Huyo asiambiwe tu acha, aambiwe rudi hapa tukusaidie kuacha, na dawa ziwepo, sio anaandikiwa karatasi akanunue mjini.

Sasa wanawake. Wakisema pombe watu wanawaza wanaume, na kwenye kuuguza anayekesha mara nyingi ni mke, mama au dada. Wapo wanaokunywa na wanajificha kuliko wanaume kwa sababu mwanamke akinywa anatukanwa mara mbili. Mkimuuliza mbele ya mkwe wake atasema hanywi, na hapo mmempoteza. Kuna mwingine ana mimba changa na hajui kwamba pombe inamfikia mtoto tumboni, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Alafu kuna mke ambaye yeye mwenyewe ndo mpika komoni. Huyu naombeni mumshike taratibu sana. Hela ya kitanda, ya ultrasound, ya dripu imetoka kwenye hiyo komoni, ada ya mtoto wa sekondari imetoka hapo, na akipika lazima aonje, kila siku anaonja, hajihesabu kama mnywaji. Nimemsikia mmoja akiambiwa na mhudumu mbele za watu, wewe ndo umemuua mumeo na pombe zako. Akainama. Hakurudi tena siku za kumuona, alikuwa anamtuma mtoto na chakula. Nani kapata faida hapo? Kama mnataka apumzike kupika, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, ipo, basi afisa ustawi wa jamii wa hospitali amuunganishe na afisa maendeleo ya jamii wa kata yake, aingie kwenye kikundi, aanze kitu kingine. Kumwambia acha bila kumpa pa kushika ni kumuongezea mawazo tu.

Na hili lisije likageuzwa msako. Watu wetu wanaogopa kuandikwa. Wakisikia hospitali inauliza nani anakunywa watadhani majina yanaenda kwa mtendaji wa kijiji, au mgonjwa wao atanyimwa msamaha wa matibabu, au mwenye gongo nyumbani atapelekewa polisi. Wakiogopa hawatakuja kuona wagonjwa, mtakuwa mmeharibu kilichopo. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza mtu aambiwe, hili ni la afya yako, haliendi popote, ukikataa kujibu ndugu yako atatibiwa vilevile. Na iwe kweli. Wakati wa kuuliza pia uchaguliwe, sio siku mgonjwa yuko mahututi au maiti inasubiri gari. Kwenye kliniki za CTC, za wenye virusi vya ukimwi, mmeweza kutunza siri za watu kwa miaka yote hii, hamuwezi kuniambia siri ya pombe imewashinda.

Najua mtaniambia watumishi hawatoshi. Ni kweli, nawaona manesi wanavyokimbia, nawapelekea chai wameisahau imepoa. Lakini hospitali kubwa zina maafisa ustawi wa jamii, zina wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaozunguka wadini na madaftari kuandika historia za wagonjwa, wanauliza mgonjwa anakunywa, anavuta, tangu lini. Waongezewe mstari mmoja, nyumbani nani mwingine anakunywa na yuko hapa leo? Alafu mtu akienda kwao asipotelee hewani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo vijijini, wanafuatilia wajawazito na watoto, wafundishwe na hili, na zahanati ipate barua ya kumpokea. Uingereza wapo akina Jim Orford, Alex Copello na Richard Velleman waliotengeneza utaratibu wa hatua tano kwa ajili ya ndugu wa watu wenye ulevi, na hatua ya kwanza kabisa ni kumsikiliza ndugu mwenyewe anapitia nini, ndo yanafuata maelezo, namna ya kuishi na hiyo hali, watu wa kumshika mkono, na kuangalia anahitaji nini zaidi. Hakuna mashine hapo. Pa kukaa na mtu wa kusikiliza. Hata pa kukaa mkikosa, kuanzia saa tisa mchana mpaka kumi na nusu mimi sina wateja, benchi zipo, njooni mtumie, chai nitachemsha.

Na mkiweza kujenga kibanda cha ndugu ndani ya uzio, chenye paa, mabenchi, bomba la maji na sehemu ya kuchemshia uji, mtaona wenyewe ni wangapi wataacha kuvuka barabara. Mtu akiwa na pa kukaa na mwenzake wa kuongea naye anakaa. Biashara yangu itapungua kidogo, na iwe hivyo.

Hapo sasa nageuka kwenu wa halmashauri. Anayetoa leseni ya grosari inayotazamana na geti la hospitali ni nyie. Ukitoka kupokea majibu mabaya kitu cha kwanza macho yanapokutana nacho ni friji la bia, na pembeni yake chupa ndogo za pombe kali zinazoingia mfukoni, hizo ndo zinaingia wadini. Serikali ikitaka inaweza, viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 na vikaondoka madukani, watu walisema haiwezekani ikawezekana, ingawa ndo zikaja hizo chupa ndogo. Sheria ndogo mnatunga nyie kwenye vikao vyenu. Siombi mfunge kila kilabu cha mkoa, nayajua maisha ya watu, naomba mtenge umbali kati ya hospitali na kinywaji na mchana muda wa kuona wagonjwa pawe pamefungwa kweli, mtu akague, sio karatasi imebandikwa ukutani na muziki unalia.

Waganga Wakuu, nyie ndo mna mamlaka ya kusema lianze. Msisubiri mradi wa wafadhili wala semina ya hotelini. Chagueni wadi moja, kwa mawazo yangu iwe ya wanaume ya magonjwa ya ndani maana hapo ndo matumbo mengi yapo, na muda wa kuona wagonjwa mchana, ndugu wakiwa wanatoka, mtu mmoja awe na chumba kidogo, mlango unafungwa, na karatasi ya maswali. Fanyeni miezi mitatu, hesabuni ni ndugu wangapi wamefika 8 na kuendelea, wangapi wamekubali kurudi. Hesabu hiyo itawasemea kwa Wizara kuliko barua yangu. Mtakapokuwa tayari bandikeni tangazo kwenye ubao wa pale getini kwa Kiswahili cha kawaida, siku, saa, chumba namba ngapi, na kwamba ni bure. Asiyejua kusoma nitamsomea mimi.

Mama lishe, Nyanda za Juu Kusini